Siku Nne Nje ya Nyumba

Brooklyn Park, Minnesota
Jumapili, 19 Aprili

Kwa Baba mpendwa, Mzee Jotham Wanjala,

Pokea salamu zangu nikiwa mzima wa afya, nimetoka kanisani sasa hivi na viatu bado viko miguuni. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Mama aliniambia umeacha dawa za hospitali na unajipaka mafuta ya yule mtu wa sokoni. Sitasema kitu, ila ningekuwa karibu ningekificha hicho kichupa. Huku theluji imekwisha, imebaki tope tu pembeni mwa maegesho, na watu wameanza kutembea wakitabasamu.

Barua hii unaletewa na Goretti, dada wa kwaya yetu anayekuja likizo kwao Chwele. Nimemwambia akupe wewe mwenyewe mkononi, si kaka yangu Jairus wala Mama. Usishtuke. Siumwi, sijafutwa kazi, na mume bado sijapata, kwa hivyo upande huo hakuna la kukuficha. Sikupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka spika juu ya meza na boma zima linakaa kunisikiliza. Mara ya mwisho jirani alinisalimia nikiwa katikati ya sentensi. Haya ni ya macho yako peke yako.

Nitasema mapema ili usije ukadhani nakuzungusha. Nimelitoa nje jambo lako bila kukuomba ruhusa, na kabla ya mwisho wa Mei nahitaji neno lako, ndiyo au la. Ukisema la, litafutwa lote. Ninachoomba ni usome hadi mwisho kabla ya kukasirika, maana hasira zako nazijua, ni fupi lakini zina kelele.

Unawaambia watu kanisani kuwa mimi ni nesi. Kila Jumamosi hujaenda mbali na ukweli, kwa sababu niko Maple Grove kwenye nyumba ya wazee, nawaogesha, nawalisha, nawasikiliza wakinisimulia habari za wajukuu. Lakini tangu Septemba, Jumatatu hadi Ijumaa naendesha gari hadi Saint Paul kwenda kucheza. Ndiyo, kucheza. Gilbert, anayetupigia kinanda kanisani, ameajiriwa na kampuni ndogo inayotengeneza michezo ya video, ile ambayo watoto wa Jairus hucheza kwenye televisheni hadi ugali unapoa. Mchezo ukikaribia kukamilika, kampuni hutafuta watu wa kuucheza kutwa nzima wakisaka makosa, kama vile mlango usiofunguka au mtu anayetembea hewani. Ukiona kosa unajaza fomu. Unaandika kinachotokea, unaandika kinachopaswa kutokea, kisha unaweka daraja. Daraja la kwanza ni kosa zito kiasi kwamba mchezo hauwezi kuuzwa nalo. Wewe ulisema nikiwa darasa la tano kwamba hakuna anayeona makosa ya wengine kunishinda, basi kazi ikanikaa vizuri.

Mchezo wenyewe unamhusu Halvor, mpiga mbizi anayetafuta mali zilizozama na meli katika Ziwa Superior, huko kaskazini mwa jimbo letu. Ungempenda. Ni mcheshi, anaogopa popo, mkewe alifariki na anamlea binti yake Tilda, mwenye miaka saba. Sasa kuna genge linalozitaka mali hizo hizo, na anayecheza ndiye anayemwongoza Halvor kupita katikati yao. Siku moja Novemba nilimpitisha kwenye ghala la bandarini. Nilihesabu, maana kazi yangu ni kuangalia. Aliua watu thelathini na mmoja, wengine kwa bunduki, wengine kwa mikono, na mmoja akiwa anazungumza na mkewe kwenye simu. Kisha skrini ikawa nyeusi kidogo, na Halvor huyo yuko jikoni kwake, anampikia Tilda chapati za maji, anamtania kuhusu sukari, anakata kipande kwa mkono uleule na kumlisha mtoto.

Baba, nilisimamisha mchezo. Chakula changu cha mchana kilikuwa pale na sikuweza kukigusa. Nikachukua fomu, nikajaza. Kinachotokea: Halvor ameua watu thelathini na mmoja, anaingia nyumbani kwa mlango wa mbele na kula na mtoto. Kinachopaswa kutokea: akae nje. Daraja la kwanza.

Mkubwa wetu ni mama mmoja mpole anayeitwa Solveig, huvaa sweta alizofuma mwenyewe. Alidhani nimekosea fomu. Akaifunga na kuandika kwamba hilo si kosa, mchezo ndivyo ulivyo. Nikaifungua tena. Akaifunga. Nikaifungua mara ya tatu, nikaongeza kwamba hata nywele hajanyolewa. Gilbert alinifuata kwenye maegesho akacheka mpaka akaegemea gari. Akaniambia, "Sis, hii ni bug ama ni sermon? Hawa wazungu hawaelewi hizi story zetu. Watakufuta." Nilimjibu kuwa nimelipwa kusema ninachoona, na ndicho nilichokiona.

Wiki iliyofuata waliniita kwenye mkutano. Tulikuwa watu wanane na sahani ya maandazi ya dukani. Kijana anayechora sura alisema wale wanaouawa si watu hasa, wana sura nne tu zinazorudiwarudiwa, na mchezaji huwasahau akishawapita. Mwingine akashauri wapunguzwe wawe watano. Wa tatu akasema basi Halvor afanywe mtu katili, ili mauaji yafanane naye. Hapo Solveig alishusha pumzi akasema kila aliyeujaribu mchezo anampenda Halvor, na ndiyo shida waliyoikwepa miaka miwili, kwamba Halvor wa jikoni na Halvor wa ghalani hawajawahi kukutana. Kisha akanigeukia mimi, mgeni, mwenye fomu iliyofunguliwa mara tatu.

Nilisema kwamba mtu mwema anaweza kuua na akabaki mwema. Kinachonifanya nisimwamini Halvor si wingi wa maiti, ni kwamba nyumbani kwake hakuna mtu aliyemngoja langoni. Wakaniuliza nimeyajulia wapi hayo. Hapo ndipo ulimi uliponiponyoka, Baba. Niliwaambia habari zako.

Ulidhani sijui. Mimi na Jairus tuliambiwa una matubwitubwi, ndiyo maana ulirudi likizo kutoka kituo chako cha polisi kaskazini ukawa unalala kwenye kibanda cha ndama. Jairus anaamini hadi leo. Mwaka jana alimweleza daktari kwamba matubwitubwi ni ugonjwa wa ukoo wetu. Lakini siku uliyofika mimi nilikuwa nyuma ya ghala la mahindi, nikamsikia bibi, Kukhu wetu, akikuzuia. Kukhu, muumini wa kanisa la Marafiki aliyeweza kukaa kimya kanisani asubuhi nzima, siku hiyo alikupandishia sauti. Alisema habari zimemfikia kwamba ulimpiga risasi mwizi wa mifugo akafa, na hutavuka kizingiti hadi kondoo achinjwe na wewe unyolewe. Ukamwambia hayo ni mambo ya zamani, ulikuwa kazini, serikali imekupongeza. Akakujibu kwamba serikali haitakula sahani moja na watoto wako. Ukaweka begi chini, ukaenda kibandani, na viatu vyako vya polisi vinang'aa.

Niliwaeleza wale watu kwamba haikuwa adhabu. Kukhu alikupelekea blanketi lake zuri, lile la wageni. Alitaka tu ulichokiona kisiingie nawe kwenye chakula chetu. Niliwaeleza siku nne zile, jinsi chakula chako kilivyowekwa juu ya jiwe nje ya mlango, na jinsi ulivyokaa ndani ukisikiliza nyumba yako ikiendelea bila wewe.

Baadaye Solveig akaniuliza kama naweza kuliandika jambo hilo, na tangu Januari sijazi fomu tena, naandika. Wanaokufa ghalani sasa ni tisa, kila mmoja na sura yake. Halvor akirudi, mama mkwe wake amesimama mlangoni, na anamwelekeza kwenye banda la mashua nyuma ya nyumba. Siku nne. Mchezaji hana bunduki, na hata abonyeze nini, Halvor anaketi tu, anakula peke yake, anasikiliza. Gilbert alisema watu watatupa vifaa vya kuchezea ukutani, na kweli wawili walitupa. Wengi walikaa hadi siku ya nne. Mzee mmoja wa Blaine, mwanajeshi wa zamani aliyekuja kuujaribu, alivua vipokea sauti akauliza nani ameandika hapo. Aliponiona alinishika mkono kwa muda mrefu, halafu akaniuliza habari za hali ya hewa ya Kenya. Nilijivunia wewe siku hiyo. Ninajivunia wewe siku nyingi, ila sina mazoea ya kusema.

Jina lako halimo, wala la kijiji chetu. Lakini watoto wa Jairus wataucheza, na Jairus ataona kibanda, atahesabu siku, na atakuja kukuuliza. Ulichokificha miaka ishirini na saba nitakuwa nimekitoa mimi, kwa watu ambao hawajawahi hata kukunywesha chai. Nilipaswa kuanza na wewe. Nilianza na watu wanane wa Saint Paul kwa sababu kwao ilikuwa rahisi, na hilo naliombea msamaha. Solveig anajua nakuandikia. Amesema ukikataa, sehemu hiyo itatolewa, na hata asiponipenda tena kwa ajili hiyo, nitahakikisha imetolewa.

Sasa liko jambo moja ambalo sikuwaambia hata wao.

Solveig aliniomba niandike Halvor anavyorudi mezani siku ya nne. Niliandika kwamba ananyolewa, ananawa, anaingia, na Tilda anasogea kwenye benchi, anamwegemea babake. Basi, hakuna maneno. Kila anayefika hapo anasema ndipo anapowaamini wote wawili. Solveig aliniuliza nilijuaje kwamba mtoto angefanya vile. Nilimjibu kuwa ndivyo nilivyofanya mimi.

Nilimdanganya. Wewe unajua nilivyofanya. Mimi ndiye niliyekuletea chakula siku zile nne. Nilikuwa nakiweka juu ya jiwe, nawe ukiniita kutoka ndani uniulize nimesoma nini shuleni, na mimi nakimbia bila kukujibu. Kila siku uliniuliza, na kila siku nilikimbia. Siku ulipoingia mezani umenyolewa, ulinyosha mkono unishike kichwa, nami nikateleza kwenye benchi hadi mwisho, nikajificha nyuma ya Mama. Mkono ulibaki hewani kidogo. Kisha ukaomba chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yako.

Hujawahi kuunyosha tena. Hata uliponisindikiza uwanja wa ndege Eldoret, uliniombea baraka huku mikono umeifunga nyuma. Watu wanasema Mzee Wanjala ni mtu mkavu. Mimi nimewaacha waseme, na miaka yote hii nimejua ni nani aliyekukausha. Nilikuogopa, Baba. Sikuogopa kitu ulichofanya, maana sikukielewa. Niliogopa mikono yako. Kukhu alikutakasa kwa kondoo mzima na wazee watatu, na mimi mwenye miaka saba nikakataa.

Nimelielewa hilo nikiwa kwenye kiti cha ofisi, nimemshika Halvor mkononi, nikimtoa bandani hadi mezani zaidi ya mara mia ili kuona kama anatembea sawasawa. Kila mara nilipofika kwenye ile benchi, nilikuwa nikiomba mtoto asisogee mbali. Na mimi ndiye niliyemwandika.

Kwa hivyo ninakuuliza mambo mawili. La kwanza, kama siku zako nne zibaki mle au zitoke. La pili ni kuhusu Tilda. Ukiona ni uongo usiovumilika, nitamrekebisha afanye kama nilivyofanya mimi. Lakini nakuomba umwache. Yeye angalau afanye lililo sawa tangu mara ya kwanza.

Mpe Mama salamu zangu, mwambie zile dawa za presha Goretti anazo kwenye mkoba mdogo. Wasalimie watoto wa Jairus mmoja mmoja, na Jairus mwenyewe mwachie matubwitubwi yake hadi utakapoamua. Ukitaka kunijibu kwa simu, toka na simu hadi shambani uzime spika. Mungu akulindie goti na usingizi.

Nimepewa likizo Agosti, na tiketi nimeshakata. Nikifika nyumbani, Baba, nyosha mkono. Sitasogea.

Ni mimi, mwanao,
Keziah Nasimiyu