Jozi Sitini

Tarehe 9 Januari

Mwanangu mpenzi,

Mimi sijambo. Paka wa karakana amezaa tena, ndani ya boksi la gundi.

Huu ndio msimu wa kwanza nashona viatu vya shule bila marehemu baba yako, aliyekisia saizi kwa jicho tu. Ngozi ilitosha jozi sitini. Nikikosea, nafunga karakana. Nilipima miguu ya watoto thelathini, nikapata wastani, nikataka kukata zote saizi hiyo. Baba yako mdogo akacheka: “Shemeji, shule nzima utaivalisha mguu mmoja?”

Nikakumbuka barua yako kuhusu michoro ya kengele, ile inayopanda katikati na kushuka pande zote mbili: yote ni ukoo mmoja, hutofautiana kwa mambo mawili tu, katikati yake na mtawanyiko wake. Basi nikautafuta mtawanyiko, yaani miguu inavyoachana na wastani. Nikakata nyingi za katikati, zikipungua hadi jozi mojamoja kwenye ncha zote mbili, ndogo na kubwa.

Jana zilikwisha zote, isipokuwa ile kubwa kabisa. Ni saizi ya baba yako! Nimeivaa, inapwaya, nacheza nayo karakana nzima.

Ukiwachorea wanafunzi wako kengele, unikumbuke.

Mama yako