Mstari kwenye paji la uso la Riziki

Jumatano. Mvua imenyesha tangu alfajiri.

Leo nimemwona tena Riziki, msichana wa miaka tisa kutoka Makobola. Mwaka jana mama yake alimleta hapa Kimanga, kwenye kliniki ninakofanya kazi ya ekografia, kupiga picha za ndani ya mwili kwa mashine. Mtoto alikuwa na mstari mweupe, mwembamba, ulioshuka kutoka kwenye nywele hadi karibu na nyusi. Mama aliniomba nimpime. Benchi zima la wajawazito lilikuwa linanisubiri. Nikamjibu bila hata kumgusa mtoto: "Hilo ni kovu tu, mama. Mashine hii ni ya tumbo."

Nilijua si ya tumbo tu.

Sasa mstari ule umebonyea kama umechimbwa kwa kidole, na nusu ya nyusi imepotea. Daktari wa ngozi wa Bukavu, aliyetumiwa picha kwa simu, anashuku skleroderma: ngozi inakuwa ngumu, na nyama iliyo chini yake inaisha taratibu. Aliniomba nipime pande zote mbili za paji ili alinganishe.

Nikapaka jeli. Upande wenye afya, ngozi na mafuta yaliyo chini yake vilionekana vizuri. Upande mgonjwa, mafuta yamekaribia kwisha, ngozi imelalia mfupa. Nilipowasha rangi zinazoonyesha mwendo wa damu, nyekundu ikajaa kandokando ya mstari. Ugonjwa bado unatembea.

Riziki alitazama kioo cha mashine, akauliza, "Ile iko minye?"

Nikaitikia kwa kichwa: ndiyo, ile picha ni yeye.

Nikampigia daktari palepale. Akauliza kama kuna vipimo vya zamani, kama kuna mtu aliyemwona mtoto mapema.

Nikasema hakuna.

Mama yake alikuwa amesimama karibu yangu. Alisikia. Akamfuta mtoto jeli kwa ncha ya kitenge, wakatoka.

Nilimhudumia mgonjwa mmoja tu, nikashindwa kuendelea. Nikawafuata. Nikawakuta chini ya paa la duka wakingoja pikipiki.

"Mama Riziki, nimedanganya. Mwaka jana ni mimi niliyekurudisha."

"Ninajua," akasema. "Minye niko mama yake, naweza kusahau sura yako? Lakini nikikukasirisha, weye utamupima tena mutoto wangu?"

Nikatoa simu mfukoni.

Nikampigia daktari tena, mbele yake, nikamweleza yote. Daktari akasema dawa zinaweza kuuzuia ugonjwa usisonge mbele, lakini kilichokwisha kuliwa hakirudi. "Mwaka ule ungetufaa sana," akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angenifokea.

Mama hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kumwomba. Alimpandisha Riziki kwenye pikipiki, akamkumbatia kwa nyuma, wakaenda.

Wataanza dawa wiki hii, na baada ya miezi mitatu nitampima tena. Nitapima vizuri.

Lakini ni mama wangapi wengine wanaotoka chumbani mwangu kimya, kwa sababu wananiogopa?