Fundo Kwenye Pembe ya Shuka

Jumatatu, 3 Machi
Leo tumeletewa mgeni chumba cha kufulia. Mama mmoja, mwalimu wa chuo kikuu, mvi kichwani, miwani imefungwa uzi. Msimamizi kamtambulisha: mtaalamu wa anthropolojia. Shangazi akauliza, anthro-nini? Mgeni akacheka. Kasema amekuja kujifunza kazi yetu, na chochote kitakachoandikwa tutakiandika pamoja.

Shangazi ndiye mkongwe wetu, miaka ishirini na sita anafua mashuka ya hospitali hii. Akamkagua toka utosini hadi kisiginoni. Haya, Mwanafunzi, shika pembe hiyo! Jina limeshaganda. Kukunja hajui kabisa. Shuka lake utadhani limetafunwa na ng'ombe.

Mimi simwamini. Waliomtangulia walikuja na fomu, tukajaza, tukapigwa picha, kwaheri. Hata nakala hatukuletewa.

Alhamisi, 13 Machi
Bado yupo! Anaingia saa kumi na mbili asubuhi kama sisi. Mikono imeanza kubabuka kwa dawa, halalamiki. Ukimwambia kitu anaandika kwenye kidaftari, halafu anakusomea: ndivyo? Leo Shangazi kamwambia futa hilo, umelipindisha. Akafuta. Mtu mwenye digrii tatu!

Mume wangu kauliza mbona siku hizi jina la Mwanafunzi halinitoki mdomoni. Wivu wa uzeeni.

Ijumaa, 28 Machi
Mbavu zangu! Mwanafunzi katusomea kurasa zake za kwanza, sisi sote saba tumekaa juu ya magunia ya nguo. Ukurasa wa nne: eti tukifunga fundo kwenye pembe ya shuka ni kumpa heshima mgonjwa aliyefariki. Mila ya wafuaji! Shangazi alicheka mpaka akaanguka chali. Mwanafunzi wangu wee, fundo lile maana yake sindano!

Ndivyo ilivyo. Mizigo inashuka kutoka wodini, tunaichambua kwa mikono mitupu. Ukikuta sindano imesahaulika ndani, unaitia kwenye kopo, kisha unafunga fundo kwenye shuka la juu. Anayekuja nyuma yako ajue mzigo huu una miiba, apeleke mkono polepole. Hakuna aliyetufundisha. Tulijitungia wenyewe.

Nilidhani atajitetea. Wapi! Kashika kichwa, kacheka na sisi, kachana ukurasa mbele yetu. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini: kwa wiki, mafundo mangapi?

Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Jumamosi, 12 Aprili
Tunahesabu. Kila fundo mstari mmoja wa chaki ukutani, na wodi lilikotoka. Shangazi hajui kuandika, lakini chaki iko kwake na ole wako uiguse. Wiki mbili: thelathini na moja. Thelathini na moja! Na karibu yote yanatoka wodi mbili tu.

Mwanafunzi kasema kosa lake ndilo lililomfungua macho, na kwamba elimu hii tunayo miaka yote ila hakuna aliyetuuliza. Ripoti itakuwa na majina manane. La kwake la mwisho. Nampenda huyu mama. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimemwambia. Sijui nini kilinisukuma. Tulikuwa wawili tu kwenye kamba za kuanikia.

Mwaka juzi sindano ilinichoma. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto. Nilimwendea msimamizi damu inachuruzika. Jibu lake: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Na nikipiga kelele, wanaoitaka kazi yangu wamejaa getini. Nikaenda kupima zahanati ya mbali nisijulikane. Miezi mitatu ya kungoja vipimo vya mwisho. Miezi mitatu nalala chumba cha watoto, namdanganya mume wangu kuwa mgongo unauma. Majibu yalikuwa salama, ashukuriwe Mungu. Lakini yeye hajui mpaka leo.

Mwanafunzi hakuandika hata herufi. Kalamu aliitia mfukoni. Machozi yalimtoka, nikamshikia kikapu. Kisha kasema: hiyo ni yako. Ukitaka iandikwe, andika wewe.

Jumapili, 4 Mei
Nimeandika. Ukurasa mzima, maneno yangu mwenyewe, bila jina. Mwanafunzi kaongeza nukta mbili tu, nazo aliniomba ruhusa. Utakuwa ukurasa wa saba.

Jumanne, 13 Mei
Mambo yamechacha. Ripoti imemfikia mkurugenzi, tunaomba glovu nene na sanduku la sindano kila wodi. Msimamizi katupanga mstari: nani kaandika ukurasa wa saba? Eti ni uzushi, na mzushi atafukuzwa. Mkurugenzi kaitisha kikao Alhamisi. Asipojitokeza aliyechomwa, mafundo yetu ni porojo za wafuaji.

Mwanafunzi wamemweka ofisini saa nzima ataje jina. Hata chuoni kwake wamepiga simu. Hakutaja! Alitoka mle shingo imenyooka. Kaninong'oneza: mpaka Alhamisi asubuhi unaweza kuutoa ukurasa wako, sitakuuliza kwa nini.

Jumatano, 14 Mei
Nimemwambia mume wangu.

Aliosha vyombo vyote, hata visafi. Baadaye: miezi yote ile peke yako? Baadaye tena: kidole kipi? Nikamwonyesha. Akakishika, basi. Ndiyo tumekaa hivyo.

Alhamisi, 15 Mei
Naandikia kwenye benchi, korido ya utawala. Tumo saba, na Mwanafunzi wa nane. Mikono yake imebabuka kama yetu, huwezi kutofautisha. Shangazi kavaa viatu alivyonunua kwa harusi ya mwanawe, vinambana, anatukana kimoyomoyo. Ukuta wa chaki haubebeki, kwa hiyo kapakata shuka moja. Lina fundo. La asubuhi hii.

Ukurasa sikuutoa. Lakini kuusoma mbele ya watu!

Mlango umefunguliwa. Katibu anaita: mwandishi wa ripoti aingie. Wote wanamtazama Mwanafunzi. Hakuinuka. Kamjibu kwa adabu kwamba waandishi ni wanane, wataka yupi?

Katibu kachungulia ndani, karudi. Wa ukurasa wa saba.

Msimamizi, aliyesimama kando ya mlango, anatupitia kwa macho, mmoja mmoja. Mwanafunzi anatazama sakafu. Hanigusi, hanikonyezi, ananiachia mwenyewe. Shangazi amenyoosha mkono nimpe kalamu anishikie