Ngozi Isiyotulia

Jumatatu, 4 Agosti

Chai, mahamri mawili, msimbo wa programu. Skrini bado inapepesa. Mjomba Idi anakata ngozi za viatu pale soko la Kariokor, na nimemtengenezea programu. Picha ya ngozi, iliyopigwa kwa kamera, inakaa kwenye kidirisha nilichokijenga mwenyewe, juu yake anapanga vigezo, yaani maumbo ya vipande vya kiatu vya kukatwa. Kila akiburuta kipanya, kidirisha kinafutika, kinabaki cheupe, kisha kinachorwa upya. Anasema ni kama mtu anamchezea swichi ya taa usoni. Jana kipandauso kilimlaza mchana kutwa. Kosa langu.

Jumanne, 5 Agosti

Dawa imepatikana! Sichori tena moja kwa moja kwenye skrini. Nachora kila kitu kwanza kwenye picha iliyofichwa ndani ya memori, kisha naitoa yote kwa mkupuo mmoja. Haipepesi hata chembe. Nilipiga kelele hadi Mama akauliza kama nimeungua.

Jumatano, 6 Agosti

Nilijisifu mapema. Kwenye kompyuta kuukuu ya karakana, picha sasa inajikokota. Mjomba anaburuta, anasubiri, inaruka na kupita alipotaka. Akaachia kipanya, akafumba macho.

Otieno, mshirika wake, alikuwa akitazama. "Mzee, hii maneno ya kompyuta tuwachane nayo. Kazi imelala." Kisha akanivuta nje. "Msee, nakupea mpaka Jumamosi. Ikikataa nashika kisu mimi, mzee apake gundi."

Simchukii. Macho ya Mjomba hayaoni tena makovu ya kupe kwenye ngozi, na wiki jana mkanda wa kiatu ulikatika penye kovu, kiatu kikarudishwa. Kwenye skrini anayakuza na kuyaona. Bila skrini, miaka thelathini ya kisu inaishia kwenye mkebe wa gundi. Nina hasira, na sijui namkasirikia nani.

Alhamisi, 7 Agosti

Aibu. Ile picha ya siri nilikuwa naiunda upya kila mara kidirisha kinapochorwa, kisha naitupa. Sasa naiunda mara moja tu. Tena sichori kidirisha kizima: ni pale kigezo kilipotoka na pale kilipofika, basi. Nyumbani nimekihamisha kigezo cha soli mara mia. Kinaruka kama kiroboto.

Nikatembea haraka hadi Kariokor. Inajikokota vilevile! Otieno akaninyooshea vidole viwili: siku mbili. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya swala nilikaa nyuma ya Mjomba, nikafunga mdomo, nikatazama mikono yake.

Kigezo hakiburuti. Anakiweka katikati ya skrini, kisha anaburuta ngozi nzima chini yake. Nikamuuliza kwa nini. Akanishangaa. "Kigezo hukaa mbele ya kifua, mwanangu. Ngozi ndiyo inazunguka." Wote sokoni hukata hivyo, hata Otieno. Nimekulia kati ya meza hizo na sikuwahi kuona. Mjinga mimi. Jana siku nzima niliharakisha kitu ambacho hakuna mtu anayekisogeza.

Ngozi ikisogea, kila kitu kinabadilika. Na kila mara programu yangu ilikuwa inaipunguza upya ukubwa ile picha kubwa ya kamera, kovu kwa kovu. Nilirudi nyumbani Majengo karibu mbio, mkokoteni nusura unigonge. Sasa picha inapunguzwa mara moja na kuhifadhiwa. Akiburuta, nasogeza ile iliyo tayari. Akiizungusha, naichora harakaharaka bila umakini, naisafisha akiachia kitufe. Nimemaliza kabla ya magharibi.

Jumamosi, 9 Agosti

Baridi. Karakana ilikuwa imefunguliwa nilipofika.

Nikaweka programu mpya. Mjomba akaburuta ngozi, ikaja naye. Akaizungusha mara moja, mara mbili. Akakuta kovu karibu na kwapa la ngozi, akalikuza, akalikwepa. Akaendelea hivyo muda mrefu, macho wazi.

Kisha akainuka, akatandika ngozi yenyewe mezani, akatia chaki, akachukua kisu. Otieno aliweka mkebe wa gundi chini, akaja kumshikia ncha ya pili. Hakuna aliyemwita.

Mimi nilisimama pale nikingoja mtu aseme neno. Mjomba alinisogeza kwa kiwiko. Nilikuwa nimemzibia mwanga.