Paa la Mke Wangu na Kamera Iliyovunjwa Msibani

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Fundi Kisigino (jina la kazini; jina kamili limo jaladani)
Umri: Miaka 61
Kazi: Fundi viatu
Makazi: Chumba na sebule, nyuma ya soko la nguo
Kuhusu: Kuvunjwa kwa kamera msibani

Nimeonywa niseme kweli, nami sina nguvu ya kutunga uongo.

Mnamo tarehe 3 Machi, saa nne asubuhi, alifika nyumbani kwangu kijana maarufu wa mitandaoni, wanamwita Mkono Wazi. Alikuja na mpiga picha na msaidizi wake wa kike. Mke wangu alikuwa kitandani, mwaka wa pili tangu apate kiharusi. Mkono Wazi alimshika mkono, akamwita mama. Alisema paa letu limeoza, yeye na kampuni ya sabuni inayomdhamini watatuezekea jipya. Msaidizi alinipa karatasi. Nilimwambia sina miwani. Akasema ni ya kawaida tu, baba. Nikatia sahihi.

Mafundi wakaezua mabati yote huku tunapigwa picha. Mke wangu alicheka. Aliniambia, "Mume wangu, leo nimeiona mbingu nikiwa nimelala." Saa saba mchana walifunga vyombo vyao, wakasema mabati mapya yanakuja Ijumaa.

Hayakuja. Nilipiga simu mpaka wakaacha kupokea. Jirani yangu, mshona mashuka, alinionyesha video kwenye simu yake. Mke wangu anacheka, kisha inaonekana nyumba yenye paa jekundu. Nilitoka nje nikatazama juu. Jirani akasema, "Fundi, mmevishwa kilemba cha ukoka. Ile ni nyumba ya watu." Njiani watu walikuwa wananipa hongera. Niliona haya kuwakatalia.

Mvua ilianza tarehe 19 alfajiri. Nilifunga turubai, upepo ukalichana. Nikamsogeza mke wangu kwenye kona, kona nayo ikalowa. Tarehe 24 kifua kilimbana. Daktari alisema tumechelewa. Alifariki tarehe 26, saa tisa alasiri. Neno lake la mwisho aliniuliza kama viatu vya wateja vimelowa.

Tarehe 27, saa tano asubuhi, Mkono Wazi alikuja msibani. Alivaa fulana yenye picha ya mke wangu na maneno "Mpe Mama Paa". Fulana hizo anaziuza mtandaoni. Alinikumbatia akilia. Mpiga picha akasema mwanga haukukaa vizuri. Msaidizi akaniambia, "Baba, tunarudia kidogo tu. Simama pale mlangoni."

Hapo ndipo shemeji yangu, kaka wa marehemu, alipomvamia mpiga picha, kamera ikaanguka ikavunjika. Ndiyo kesi niliyoitiwa. Nimeuliza kama kuna jalada la mke wangu, nikaambiwa halipo.

Shemeji sikumzuia. Lakini nimeambiwa niseme kweli yote. Wakati anamvamia, mimi nilikuwa nimeshasimama mlangoni, nasubiri waniambie nianze.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya. Sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Ameomba akae kwenye benchi la mapokezi mpaka mvua ikatike. Nimemruhusu.