Kwa Raihana Aboud na Mikeka Yake Minane

Mwaka umetimia, Mama Widad, tangu homa ya siku tatu ikuondoe kwetu hapa Malindi. Twala, twalala, na tukiulizwa hali twasema alhamdulillahi.

Ulikuwa na maneno, wewe! Ulipoanza kufunza Pilates, yale mazoezi ya kukaza tumbo na kiuno, majirani walicheka: "Wanariadha gani hawa wanaolala chali uani?" Ukawajibu, "Mbio zaanzia tumboni. Mwenye shaka na aje alale." Walijaribu wawili, hawakumaliza hata dakika.

Wasichana walikuja kila Jumamosi asubuhi, wakimbiaji na wachezaji wa kandanda, wengine kutoka Ganda kwa miguu. Ulizunguka kati yao ukiwakemea, "Vuta kitovu ndani! Pumua, usiibe!" Mmoja wao, Nyevu, alikuwa akiumwa mgongo kila akikimbia. Ulimshika miezi minne, hukumwacha mpaka akapona.

Matangani tuliitandika mikeka yako ya mazoezi, watu wakaikalia. Matanga yalipokwisha, dada yako Hindu akaipeleka yote minane msikitini pamoja na ile mingine tuliyonunua ya sadaka. Hakujua kuwa ni ya mazoezi, maskini. Na sadaka hairudishwi. Jumamosi wasichana walipobisha hodi, Widad wako aliwaambia warudi makwao. Binti wa miaka kumi na tisa, uliyemfunza kila ulichojua, hakutoa hata chozi.

"Mwanangu, ukiliacha darasa la mamako litakufa," tulimwambia.

"Na life," akajibu, akaenda kufua.

Mwaka ukapita hivyo. Wiki jana, siku ya pili baada ya hitima yako, Nyevu aliingia uani na wenzake saba, kila mmoja na leso ya kujifunga ya mamake. Wakazitandika, wakalala, wakangoja. Widad alisimama mlangoni, ufagio mkononi, akiwatazama tu. Mmoja wao akaanza kuinua miguu ovyo.

"Siyo hivyo, utaumia mgongo!" Widad akasema. Akauweka ufagio, akalala kando yake kumwonyesha. Akawahesabia mpaka mia. Chali vile, machozi yalimtiririka yakamwingia masikioni, naye hakuyafuta, mikono ilikuwa kazini, ikipiga hewa kwa kila hesabu.

Wakukumbuka mumeo Abdulhadi, wanao Widad na Salman, dada yako Hindu, na wasichana wote wa uani. Mola akurehemu. Hatutakusahau, Raihana, maisha yetu yote.