Mama Mkwe Aliposhika Brashi ya Waya

Mama Séphora mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili wanakuja kumchukua mama mkwe wangu wamrudishe kwao Mitwaba, na kosa ni langu, au ni la gari langu, mimi mwenyewe sijui tena.

Mimi ni mtu wa Butembo, nimekaa Lubumbashi miaka mingi nauza maharagwe kwa jumla, nikamuoa Dorcelle ambaye ni binti wa huku Katanga, tunaishi mtaa wa Kasungami na watoto wetu, na tangu baba mkwe alipofariki mama yake Dorcelle anakaa kwetu, na unajua heshima ya mkwe kwa watu wa huku, simwiti jina, simpi mkono, siongei naye, sili mbele yake, nikiingia mlango huu yeye anatoka mlango ule, na mimi nimekubali yote kwa sababu niliambiwa ndivyo ilivyo, ingawa ilikuwa inaniumiza kumwona anakaa chumbani siku nzima anaangalia ukuta, hata wajukuu hawamchekeshi.

Sasa pikapu yangu ya zamani ina janti za chuma, yaani rimu za magurudumu, zilizojaa kutu, nikasema sinunui nyingine, nitazikwaruza mwenyewe nyumbani na kuzipaka rangi, nikapeleka ya kwanza kwa kwado, fundi wa matairi, akavua mpira, nikakaa nayo nyuma ya nyumba bila shati kwa sababu ya joto, nikaanza kukwaruza kwa kisu cha jikoni, na kelele yake ilikuwa mbaya hata mbwa wa jirani akahama. Mara nasikia sauti nyuma ya pazia la jikoni inaongea na kuku: "Kuku, ambia ule muntu aache kukwaruza ivi, iko naharibu chuma. Atafute brosse ya waya." Nikamjibu kuku, nikasema asante.

Nikanunua brashi mbili, na kesho yake mama akatoka, amejifunga kitambaa puani na mdomoni, akachukua moja, akakaa akinipa mgongo, akaanza kusugua, na mikono ile, Mama Séphora, ilikuwa inajua, maana kumbe kule Mitwaba baba mkwe alikuwa na lori na kila kiangazi walikuwa wanasafisha magurudumu wao wawili tu, yeye na mume wake. Basi tukafanya kazi hivyo, mgongo kwa mgongo, anaweka msasa chini nami naokota, kila neno linapitia kwa kuku, akanifundisha kuosha chuma kwa Omo na kukianika mpaka kikauke kabisa, akanifundisha kupaka antirui, ile rangi ya kuzuia kutu, nyembamba mara mbili, wala si nzito mara moja, na nisijaze rangi pale ekru, yaani nati, zinapobana, kwa sababu rangi nzito pale inafanya ekru zilegee njiani. Akaanza kula vizuri, akaanza kuimba, watoto wakaniuliza kwa nini kambo, bibi yao, anacheka peke yake, na janti tatu zikatoka zinang'aa.

Ya nne ndiyo iliyoniponza. Iliteleza mezani ikabingirika mteremkoni kuelekea mbabula, lile jiko la makaa, lenye sufuria ya bukari, ugali wetu, sote wawili tukaikimbilia, tukaidaka, mama akateleza, nikamshika mkono, na tukajikuta tumekaa chini, mkwe bila shati na mama mkwe wake, tumeshikana mikono tunacheka mpaka machozi, na jirani yetu Léa anatuangalia juu ya ua. Kabla ya jioni Mjomba Kalenga, mdogo wake mama, alishapiga simu: "Écoute, mukwe ni mukwe. Umemushika mukono! Ule mama atarudia Mitwaba dimanche, na weye utaleta mbuzi moya ya amende, faini yako, na kitenge."

Tangu siku hiyo mama amejifungia. Dorcelle ananiambia, "Chéri, ile ni mambo ya kwetu, weye nyamaza tu," halafu anaenda kulia bafuni. Je, nilipe mbuzi na kumwacha mama aende, au Jumapili nifunge geti na kusema hapa hatoki mtu? Sitaki kuaibisha ukoo wa mke wangu, lakini nampenda yule mama, nasema wazi, na sitaki arudi kukaa peke yake.

Mkwe wa Kasungami

*

Mkwe wa Kasungami, barua yako nimeisoma nikicheka mpaka chai ikapoa. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Unajua mama mkwe yuko nyuma ya pazia, nawe unakaa kifua wazi kama uko peke yako mtoni! Usilisingizie joto. Kumdaka mama anayeanguka si kosa, ungemwacha avunjike kiuno tungekuita mnyama, lakini shati lingekuokoa na nusu ya maneno ya Léa. Vaa shati, na ujifunge kitambaa puani kama yeye. Vumbi la rangi ya zamani ni sumu: fagia magamba yote baada ya kumwagia maji, na watoto na kuku wasikaribie hapo.

Kuhusu heshima, usiidharau, maana imelinda ndoa nyingi. Ila walikwambia nusu yake. Katika koo nyingi za huku heshima hiyo ina mwisho. Siku moja familia ya mke inapika, inamwita mkwe, inamkalisha, na mama mkwe mwenyewe anamkaribisha chakula. Kuanzia hapo ni mtoto wa nyumba, anaongea na mama kwa mdomo wake, anasaidiana naye kazi bila aibu. Una watoto, na hujawahi kuuliza siku yako ni lini? Kuuliza si ujinga, ndugu yangu. Dorcelle naye alijua akanyamaza, mwambie nimemwona.

Kwa hiyo geti usilifunge. Ukilifunga, Mjomba atakuwa na haki yote na wewe utabaki mgeni mkaidi. Mbuzi mtoe, na kitenge pia, tena kabla ya Jumapili, lakini usimpeleke wewe. Mtume mzee mmoja wa watu wenu wa Butembo, anayejua kukaa na kusikiliza, aseme: mtoto wetu alikosa, anaomba radhi, na anaomba aingizwe awe mtoto wa nyumba. Anayelipa faini anaenda zake. Anayeomba kuingizwa anabaki. Mjomba atafoka kidogo, mwache afoke, kwani tangu lini mjomba akakataa karamu?

Janti ya nne ipake antirui leo hii, wewe mwenyewe. Msimu huu wa mvua chuma kilichokwaruzwa hakingoji kikao cha familia.

Lakini kuna jambo limenikasirisha kuliko shati. Kalenga amesema, Léa amesema, Dorcelle amesema, wewe umenijazia karatasi mbili, hata kuku ameongeleshwa. Mama mwenyewe ametaka nini? Hakuna hata mstari mmoja. Mnagombania mwili wa mtu mzima kama mfuko wa maharagwe.

Jioni hii Dorcelle aingie chumbani, afunge mlango, akae chini karibu naye amwulize: mama, unataka kubaki au unataka kwenda? Halafu anyamaze mpaka ajibiwe. Akitaka kwenda, mtamsindikiza kwa heshima na mtamtembelea kila kiangazi, na wewe utameza machozi yako. Akitaka kubaki, ampigie Kalenga amwambie mwenyewe. Huyo ni mdogo wake, bila shaka alimbeba mgongoni. Mbele ya sauti hiyo amende itapungua makali.

Mwulizeni leo. Mkishapata jibu lake, kazi inayobaki ni kupika tu.